Shujaa aliyerudi nyumbani

Ukishafanya kazi ya gazeti mwaka mmoja tu, unaweza kuandika tanzia umefumba macho. Jina, umri, alikozaliwa, alikosoma, vyeo alivyoshika, halafu mwishoni kabisa unabandika ile sentensi yetu: marehemu ameacha mjane na watoto kadhaa. Nafasi ikibana mhariri anakata kuanzia chini, kwa hiyo mjane na watoto ndio wanaokwenda kwanza. Nimeandika za namna hiyo nyingi na sikuwahi kuona tatizo, mpaka nilipoanza kumsoma mzee mmoja wa Uswisi anayeitwa Jacques Piccard. Huyu ukimkatia watoto, na ukimkatia na baba yake, habari yenyewe haipo.

Alizaliwa Brussels tarehe 28 Julai 1922. Chuo kikuu alisomea uchumi, msicheke! Uhandisi aliupata kwa baba yake, Profesa Auguste Piccard, yule mwanafizikia ambaye mwaka 1931 alijifungia ndani ya tufe la alumini na kupaa kwa puto mpaka mita 15,781 kwenda juu. (Kwa waliokua na vitabu vya katuni vya Tintin: yule profesa asiyesikia vizuri alichorwa kwa kumwangalia huyu mzee.) Baada ya kupanda, Auguste akataka kushuka. Wazo lake lilikuwa lile lile la puto, ila limegeuzwa. Badala ya gesi inayoelea hewani alitumia petroli, ambayo ni nyepesi kuliko maji, kama unavyoona mafuta yanavyoelea juu ya dimbwi baada ya mvua. Juu tangi kubwa la petroli, chini yake tufe zito la chuma la kukaa watu wawili. Jacques akaachana na uchumi, akajiunga na mzee kuunda chombo hicho huko Italia, wakakiita Trieste kwa jina la mji.

Mwaka 1953 wakashuka wote wawili, baba na mwana, mpaka mita 3,150 kwenye Bahari ya Mediterania. Baba alikuwa na miaka 69. Hebu fikiria mzee wako mwenye umri huo anakwambia, haya mwanangu, ingia, twende tukajaribu.

Safari iliyompa jina Jacques ilikuja tarehe 23 Januari 1960. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa limekwisha kukinunua chombo, na lilikuwa na mtu wake mwingine wa kushuka pamoja na Luteni Don Walsh. Piccard akakataa katakata. Mkataba wake ulimpa haki ya kwenda kwenye safari ngumu, na hii ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa hiyo akadai kiti chake na akakipata. Waliteremka kwenye Korongo la Mariana, Bahari ya Pasifiki, karibu na kisiwa cha Guam. Kushuka tu kulichukua karibu saa tano. Ndani baridi, nafasi ya kujikunja, chakula ni chokoleti. Walipopita mita 9,000 ukasikika mlio mkubwa uliokitikisa chombo kizima. Kumbe kioo kimoja cha plastiki kwenye njia ya kuingilia kilikuwa kimepata ufa. Wakatazamana, wakaangalia vipimo vyao, wakaendelea kushuka mpaka mita 10,916. Ukiutumbukiza Kilimanjaro mle ndani, kilele chake kitabaki na mita elfu tano za maji juu yake. Wakakaa dakika 20, wakapanda.

Nyumbani kulikuwa na mtoto wa kiume, Bertrand, ambaye hata miaka miwili hajatimiza.

Hapa, sifichi, nilikwama. Baba gani anaudai kwa mkataba ugomvi wa kwenda kuhatarisha roho na mtoto mchanga yuko nyumbani? Wahenga wetu walishalimaliza hilo zamani: kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Nilikuwa tayari kumweka upande wa kilio na kufunga ukurasa, kisha nikasoma chombo kile kilivyofanya kazi.

Ili Trieste izame ilibebeshwa tani kadhaa za punje za chuma. Ili ipande ilibidi punje hizo zimwagwe. Sasa, mtu wa kawaida angeweka mlango unaofunguliwa kwa umeme. Akina Piccard wakafanya kinyume, punje zikashikiliwa na sumaku za umeme. Umeme ukiwepo, punje zinakaa. Umeme ukikatika, waya ukikwanyuka, betri ikifa, rubani akizimia, sumaku zinaachia zenyewe, chuma kinamwagika, chombo kinapanda. Yaani kila kitu kikiharibika, unarudi nyumbani! Hayo ni mawazo ya mtu anayejua kwamba mashine yake itaharibika siku moja na kwamba ndani yake atakuwemo mwanawe. Nikaacha kuona ujasiri wake na ubaba wake kama vitu viwili vinavyogombana. Ile sumaku ndiyo ubaba wenyewe.

Msiniambie kwamba siri ni mhandisi kuingia kwenye mashine yake mwenyewe. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini Juni 2023 Stockton Rush naye aliingia kwenye nyambizi yake, Titan, kwenda kuitazama meli ya Titanic, ikapasuliwa na mgandamizo wa maji na watu wote watano wakafa. Miongoni mwao walikuwamo baba mmoja na mwanawe wa miaka 19. Wataalamu walikuwa wamemwonya kwa barua tangu mwaka 2018, na uchunguzi wa walinzi wa pwani wa Marekani ukasema mwaka 2025 kwamba msiba ule ungeweza kuzuiwa. Rush hakuwa mwoga hata kidogo. Aliiamini mashine yake, basi. Akina Piccard hawakuiamini yao, na hapo ndipo ninapomvulia kofia Jacques kuliko kwenye zile mita 10,916.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1964 nyambizi yake nyingine ilitembeza watu wa kawaida chini ya maji ya Ziwa Geneva wakati wa maonyesho ya taifa ya Uswisi, zaidi ya abiria 30,000 kwa jumla. Julai 1969 alijifungia na wenzake watano ndani ya nyambizi ya Ben Franklin, wakachukuliwa na mkondo wa Gulf Stream kwa siku 30 kutoka pwani ya Florida. Kazi nzuri ajabu, ila walizama tarehe 14 na siku mbili baadaye Apollo 11 ikaruka kwenda mwezini. Nani tena angewapa ukurasa wa mbele? Kama mtu wa gazeti nilimwonea huruma. Miaka iliyofuata aliipa zaidi maziwa ya kwao, kuyachunguza na kuyalinda, na alifariki kando ya ziwa hilo hilo tarehe 1 Novemba 2008 akiwa na miaka 86.

Yule mtoto aliyeachwa nyumbani mwaka 1960 alikua akawa daktari wa magonjwa ya akili, lakini damu ni damu. Tarehe 1 Machi 1999, siku anatimiza miaka 41, Bertrand Piccard alipaa kutoka kijiji cha Château-d'Oex huko Uswisi na Mwingereza Brian Jones, ndani ya puto, kuizunguka dunia bila kutua. Hakuna aliyekuwa amewahi kuifanya kwa puto. Safari hii aliyebaki nchi kavu kusubiri habari alikuwa Jacques, mzee wa miaka 76. Alisubiri karibu siku 20, mpaka puto lilipotua kwenye jangwa la Misri.