Saratani Kanda ya Ziwa: Watafiti wetu wapewe nyenzo

Kaa kwenye benchi la kusubiri daktari wa saratani katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, utakutana na wagonjwa waliotoka Kahama, Kishapu, Bukombe na Geita. Swali lao huwa moja: kwa nini sisi? Jibu linalosikika zaidi mitaani ni zebaki ya machimboni.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Mchimbaji mdogo anayechoma zebaki ili apate dhahabu huvuta mvuke unaodhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mama mjamzito aliye karibu naye humweka hatarini mtoto aliye tumboni. Hilo halina ubishi. Lakini kwamba zebaki ndiyo inayoleta saratani, bado halijathibitishwa.

Yaliyothibitishwa hayatajwi sana vijiweni. Vumbi laini la mwamba linalovutwa kwenye maduara huweza kuleta saratani ya mapafu. Kichocho cha mkojo kisichotibiwa, ambacho kipo Shinyanga, huweza kuleta saratani ya kibofu. Virusi vya HPV ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Kipi kati ya hivi kinawaumiza zaidi watu wa ukanda wa dhahabu? Hilo halijibiwi kwa kukisia. Linahitaji watafiti, na watafiti wanahitaji nyenzo.

Tunajua kwamba wakiwezeshwa wanaweza. Kuanzia mwaka 2017, watafiti wa Mwanza kutoka NIMR na kitengo cha MITU, wakishirikiana na wenzao wa London, waliwachanja wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya HPV. Wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Matokeo yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likubali kwamba dozi moja inaweza kutosha. Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja.

Mzazi wa Nyarugusu au Mwakitolyo anaelewa maana yake. Familia za wachimbaji huhama kila inaposikika rashi mpya, na dozi ya pili ingeweza kumkuta binti ameshaondoka. Leo anachanjwa mara moja tu, kwa sababu wazazi wa Mwanza walikubali kusaini fomu na watafiti walipata fedha za kumfuatilia kila mtoto.

Tatizo ni kwamba fedha hizo nyingi zilitoka nje, na mradi ukiisha, mara nyingi watumishi hutawanyika. Kinachokosekana si mashine kubwa tu. Ni karani wa rejista ya saratani mwenye kompyuta na nauli ya kufuatilia wagonjwa. Ni mtaalamu wa patholojia wa kusoma vinyama kwa wakati. Ni daktari kutengewa saa za utafiti, badala ya kuufanya usiku baada ya kliniki.

Sheria ya Madini inazitaka kampuni zenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuafikiana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni jambo jema. Tunashauri halmashauri za Geita, Kahama na Msalala zitenge sehemu ndogo kwa rejista ya saratani, usafirishaji wa sampuli na masomo ya vijana wetu katika patholojia. Dhahabu inatoka huku. Majibu ya afya za watu wa huku nayo yagharimiwe nayo.

Wewe mgonjwa au mzazi nawe una sehemu yako. Ukifika hospitali, taja kijiji unachoishi kweli, si nyumba ya ndugu uliyofikia Mwanza. Ukiandikwa mkazi wa Mwanza, mgonjwa mmoja wa Geita amepotea kwenye hesabu. Taja kazi zote ulizowahi kufanya, pamoja na miaka uliyokaa duarani au kwenye mialo ya dhahabu. Ukiambiwa kikatwe kinyama, uliza kinapelekwa wapi na majibu yatatoka lini, kisha uyafuate.

Ukiombwa kushiriki utafiti, uliza una kibali cha maadili kutoka wapi, utachukuliwa nini, na matokeo utayapataje. Una haki ya kukataa, na ya kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu. Asiyekujibu maswali hayo usimsainie fomu. Anayekujibu vizuri msikilize, maana huenda anatafuta jibu la swali lile lile ulilokuja nalo kwenye benchi.