Hoteli Isitupangie Safari

Mwishoni mwa muhula uliopita, tulipokuwa tukisubiri kikao cha idara kianze, nilimwambia mwenzangu mmoja kuwa nakusudia kuichukua familia yangu kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, kwa kuambaa pwani: Bagamoyo, Saadani, Pangani, kisha Tanga mjini. Mwenzangu huyo ana shahada ya uzamivu, na kalamu yake dhidi ya ubeberu ni kali. Alinitazama kwa huruma, akauliza, "Dokta, huko Pangani kuna hoteli gani?" Nilipoanza kumtajia nyumba za wageni ninazozijua alinikatiza. Alitaka jina. Alitaka lile jina analolikuta Nairobi, Addis Ababa na Johannesburg anapokwenda kwenye makongamano. Nilipomwambia kuwa jina hilo halipo Pangani, alitoa hukumu: "Basi huko hakuendeki."

Hukumu hiyo imenikaa moyoni, kwa sababu si ya mtu mmoja. Ni ya tabaka zima, tabaka letu, la watu wenye mishahara, magari na likizo za Desemba. Tumefika mahali ambapo hatuuliza tena tunataka kuona nini. Tunauliza kwanza ni wapi lilipo tawi la hoteli fulani, kisha tunaita "safari" kule kwenda kutoka tawi moja hadi jingine. Ninachopinga leo ni hilo. Hoteli imeacha kuwa mahali pa kulaza kichwa baada ya matembezi, imekuwa ndiyo mpanga matembezi. Palipo na kibao chake ndipo penye nchi, na pasipo na kibao chake ni pori.

Tuwe waadilifu tuanze na asili ya jambo lenyewe. Hoteli hizi za jina moja na matawi mengi zina uhusiano wa karibu sana na safari za familia kwa gari. Mwaka 1951 mfanyabiashara wa Memphis, Marekani, aitwaye Kemmons Wilson, alisafiri na mkewe na watoto wao watano kwenda Washington. Njiani alikuta nyumba za kulala ambazo hakuweza kujua ubora wake kabla ya kuingia, na zilimtoza dola 2 zaidi kwa kila mtoto. Alirudi nyumbani kwa hasira, na mwaka 1952 akafungua Holiday Inn ya kwanza. Ahadi yake ilikuwa nyepesi: watoto hawatalipiwa wakilala chumba kimoja na wazazi, na msafiri akishalala kwenye tawi moja, anajua atakachokikuta kwenye tawi linalofuata.

Sidharau ahadi hiyo. Baba mwenye watoto watatu wamechoka kwenye kiti cha nyuma, saa mbili usiku, katika mji asioujua, anahitaji uhakika. Wilson aliuza uhakika, na watu waliununua kwa kuwa walikuwa na kiu nao.

Lakini historia hiyo hiyo ina ukurasa wa pili ambao sisi Waafrika hatuna ruhusa ya kuusahau. Katika barabara hizo hizo za Marekani, familia nyeusi ilikuwa haina uhakika wa kupata kitanda popote, kiwe kisafi au kichafu. Ndiyo maana Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa New York, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha wasafiri weusi nyumba, hoteli na migahawa ambayo ingewapokea. Nyingi zilikuwa nyumba za watu wa kawaida waliofungulia milango wenzao. Kilichokuja kuvunja ubaguzi huo kilikuwa ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ambayo mmiliki wa moteli moja ya Atlanta aliipinga hadi Mahakama Kuu ya nchi, akashindwa mwaka huo huo. Sioni mahali ambapo nembo ya kampuni ilifanya kazi ile. Funzo ni kwamba heshima ya msafiri hulindwa na sheria na wenyeji wenye utu. Nembo hulinda biashara ya mwenye nembo.

Nasema hivi nikikumbuka yaliyonipata mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifika na familia yangu kwenye hoteli moja ya ufukweni yenye jina kubwa, ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimelipia vyumba wiki mbili kabla. Mlinzi alitusimamisha getini, akauliza tunamfuata nani, akataka kitambulisho, akapiga simu, tukasubiri juani. Wakati huo huo gari la watalii wa Kizungu lilipita kwa kupigiwa saluti. Mlinzi alikuwa kijana mwenye umri wa wanafunzi wangu. Sikumlaumu yeye, maana alikuwa ametekeleza alichofundishwa. Kesho yake alfajiri nilimwona kijana huyo huyo akimfukuza mvuvi aliyepita mbele ya vitanda vya jua akiwa na nyavu begani. Mvuvi yule alikuwa akipita alikopita babu yake.

Hapo ndipo suala la hoteli linapokoma kuwa suala la ladha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa na mto. Kila anayetembea pwani ya Dar es Salaam anajua ni kuta ngapi zimesimama ndani ya mita hizo. Tunapochagua hoteli kwa sababu "ina ufukwe wake binafsi", tunalipia ukuta huo. Tunanunua kwa mshahara wa umma kile ambacho umma umenyang'anywa.

Mtetezi wa hoteli hizi atasema: zinaleta mitaji na ajira. Tutazame basi zinavyofanya kazi. Mara nyingi kampuni yenye jina haimiliki jengo. Jengo ni la mwekezaji mwingine, pengine mzalendo, pengine mfuko wa umma. Kampuni huleta jina, mfumo wa kuhifadhi nafasi na vitabu vya taratibu, nayo hulipwa ada, ikiwemo asilimia ya mapato yote, bila kujali kama mwenye jengo amepata faida. Mfano uko machoni petu. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. Baada ya ukarabati mkubwa katikati ya miaka ya 2000 ikaitwa Kempinski, na baadaye Hyatt Regency. Bahari inayoonekana dirishani haikuhama, na wapishi na wahudumu hawakuanza kuagizwa kutoka ng'ambo. Kilichobadilika ni jina mlangoni, na jina hilo lina bei. Ajira zipo, ndiyo. Ila ajira zingekuwepo pia chini ya jina letu, kama tungekuwa na nia ya kulijenga jina hilo.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1970 wanafunzi na vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliibua mjadala mkali magazetini kuhusu utalii katika nchi iliyojitangazia ujamaa: nani ananufaika, na utalii unamgeuza Mtanzania kuwa nani mbele ya mgeni? Issa Shivji alikusanya hoja za pande zote katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wale vijana walikuwa wakiuliza juu ya mtalii kutoka Ulaya. Hawakuwaza kuwa baada ya nusu karne mtalii anayeogopa kulala kwa Waswahili atakuwa mhadhiri wa chuo kile kile.

Na kuogopa huko kunashangaza zaidi kwa kuwa pwani hii ilikuwa na maarifa yake ya kupokea wageni kabla Memphis haijakuwa mji. Ibn Battuta, aliyepita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, anaeleza jinsi merikebu ilipotia nanga Mogadishu vijana wa mji walivyoijia kwa mashua na vyakula, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji akawa ndiye msimamizi wa biashara yake mjini. Huo nao ulikuwa mfumo wa uhakika. Tofauti ni kwamba dhamana yake ilikuwa jina la mtu anayejulikana mtaani, mtu ambaye akimdhulumu mgeni ataaibika mbele ya majirani. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa wakieleza uchumi wao.

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi ya wapinzani wangu, na hii siwezi kuikwepa. Watasema: Dokta, hayo yote ni kweli, lakini gesti zetu ni mbaya. Nakubali kuwa nyingi ni mbaya. Katika mji mmoja wa pwani niliwahi kupewa chumba chenye chandarua kilichotoboka na bomba lisilo na maji, kwa bei iliyopanda pale mwenye nyumba alipoliona gari langu. Nilipodai stakabadhi aliniambia kitabu kimekwisha. Mwenye nyumba kama huyo ni wakala wa bure wa hoteli za kigeni. Kila shuka chafu anayotandika inampeleka mteja kwenye jina kubwa, na mteja hatarudi. Uzalendo haumlazimishi mtu kulala na kunguni.

Hata hivyo, tusiruke kutoka kwenye ukweli huo hadi hitimisho lisilotokana nao. Ubovu wa gesti hauthibitishi kuwa uhakika unapatikana kwa jina la kigeni pekee. Unathibitisha kuwa hatujajenga uhakika wetu. Nyenzo zipo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kwa nyota, na halmashauri zetu zina maofisa wa afya na wa biashara. Lakini ofisa akifika kwenye nyumba ya wageni ya mtaani huuliza leseni na ushuru kwanza, na pengine asiulize kabisa kama choo kina maji. Nasi wateja wenye sauti tumehama. Anayejua kudai huduma akiondoka, anabaki asiyethubutu kudai, na nyumba inazidi kuoza. Kwa hiyo sisi tunaolalamikia ubovu wa gesti ni sehemu ya sababu ya ubovu huo.

Pangani nililala. Nyumba ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, yenye vyumba sita na ua wenye mwarobaini. Watoto walipomwamkia shikamoo aliwaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akawaonyesha chumba kabla mimi sijauliza bei. Shuka zilikuwa zimefuliwa, maji yalikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na hilo la ndoo alilitamka mwenyewe bila kuficha. Asubuhi tulikula vitumbua vilivyopikwa nyumba ya pili na samaki aliyetoka kwa mvuvi tuliyemwona akipandisha ngalawa. Binti yangu alipouliza kuhusu Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa mjini humo Desemba 1889, mama yule alituelekeza kwa mzee wa msikitini, na mzee alituchukulia saa mbili nzima. Fedha niliyolipa usiku ule ilizunguka mtaa mmoja kabla haijatoka Pangani. Sijui tawi lolote la kimataifa ambalo lingempa binti yangu saa mbili zile.

Ninaandika haya sasa kwa sababu wakati wenyewe ni mfupi. Kwa miaka mingi Pangani ililindwa na ubovu wa njia yake: vumbi, matope, na kivuko cha Bweni. Serikali imeamua kuiunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga kwa lami na daraja. Naiunga mkono barabara hiyo kwa moyo wote, maana mkulima wa minazi na mgonjwa wa rufaa wanaihitaji kuliko mimi mtalii. Lakini lami ikifika, ramani za viwanja nazo hufika. Kama kufikia siku hiyo tutakuwa tumeshakubaliana kuwa "hakuendeki" mpaka jina kubwa lije, basi jina kubwa litakuja, litapewa ufukwe, na yule mama wa vyumba sita ataomba kazi ya kufua shuka za watu wengine.

Ninachodai ni mambo matatu. Kwanza, wenye nyumba za wageni wabandike bei ukutani, watoe stakabadhi, na wampeleke mgeni akione chumba, choo na chandarua kabla ya kulipa. Haya hayahitaji mtaji wa kigeni. Pili, halmashauri za pwani zikague usafi kwa ukali ule ule zinaokusanyia ushuru, zitangaze nyumba zilizofaulu, na zizilinde zile mita 60 kabla ukuta wa kwanza haujajengwa. Tatu, sisi wenye likizo na posho tubadili mpangilio wa maswali yetu. Tuchague kwanza tunachotaka kuona: magofu ya Kaole, misheni ya Bagamoyo, mto Pangani, mapango ya Amboni. Kisha tutafute kitanda kilicho karibu, tukikague, tukikubali au tukikatae kwa sababu zinazotamkika. Palipo na hoteli ya jina kubwa iliyo nzuri na ya haki, ilale anayetaka. Ila isiwe ndiyo inayotuambia nchi yetu inaanzia wapi na inaishia wapi.

Mwenzangu yule nimemwalika Desemba ijayo. Hajakubali bado. Amesema atafikiria, kisha akaniuliza kama yule mama ana jenereta. Nilimjibu kuwa ampigie simu amuulize mwenyewe, kwa kuwa mama yule, tofauti na jina analolitafuta, hupokea simu.