Gereza jipya la Kisangani: pesa za wahanga ziliendaje?

Wako wanaosema magereza yetu yatapona serikali ikikabidhi kazi kwa kampuni za watu binafsi: ujenzi, chakula, dawa, hata ulinzi.

Kampuni tumekwisha kuiona. Gereza jipya la Kisangani lilipewa kampuni moja, na dola milioni 19 zikatolewa. Pesa hizo zilitoka FRIVAO, mfuko wa kulipa wahanga wa vita vya Uganda, yaani sisi tuliopigwa mabomu ya Juni 2000. Korti ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 mwaka 2022, na wengi wetu tungali tunangoja. Tarehe 2 Septemba 2025, Korti ya Kasasio ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa sababu ya pesa hizo. Yeye alikana, akasema ni njama ya kisiasa. Gereza lenyewe halijaonekana.

Mwaka mmodi kamili kabla ya hukumu hiyo, watu 129 walikufa Makala, kwa hesabu ya serikali. Gereza lile lilijengwa kwa watu 1,500, likawa na zaidi ya 10,000, wengi wao hawajahukumiwa. Kampuni gani itaponya hilo? Anayekosekana pale ni jaji. Kampuni inayolipwa kwa kichwa cha mfungwa, tena, haina haraka ya kuona watu wakitoka.

Afrika Kusini walijaribu. Gereza la Mangaung liliendeshwa na G4S, na mwaka 2022 mfungwa Thabo Bester akatoroka, ikisemekana kwanza amekufa kwa moto. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba itavunja mkataba.

Na tuseme ukweli: kwetu huduma za gereza zimekwisha kuwa za watu binafsi. Ni mama anayebeba sufuria ya chakula asubuhi, kwa sababu anajua asipoenda, mtoto wake atalala njaa. Mama aliyekimbia vita, anayeishi kwa kupokelewa, atabeba nini?

Mimi sikatai kampuni ipike. Ila mkataba ubandikwe ukutani kwenye komini, bei ionekane, zabuni iwe wazi. Majaji waje kusikiliza kesi ndani ya gereza. Na pesa za FRIVAO ziwafikie kwanza wenyewe.