Nyongo ya Mamba na Midomo ya Watu

Hapa Kindu, mtu akifa ghafula kisha kunywa pombe, matanga hayajaisha midomo imekwisha kuanza: "Balimupa nyongo ya mamba!" Na macho yanaenda kwa nani? Kwa mzee anayewinda mamba, ama kwa mama aliyepika ile nyama. Kesho yake nyumba inapigwa mawe. Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo tunaita mila?

Sisi watu wa Lualaba, toka Kasuku mpaka Alunguli, tunaijua nyama ya mamba. Mkia ndio mtamu: nyeupe, iko kati ya kuku na samaki. Unaikata vipande, unaichemsha na chumvi, kisha unaitia katika mafuta ya mawese na kitunguu na pilipili. Wengine wanaikausha kwa moshi. Ukipata na bugali na sombe, umemaliza. Mwenye kupasua anatoa nyongo na kuitupa, sababu ni chungu na inaharibu nyama. Hata nyongo ya kuku tunaitupa! Nani amekwisha kumshitaki muuza kuku?

Mutasema: "Mwandishi huyu anabishana na wazee." Hapana. Angalieni Msumbiji. Mwezi wa kwanza 2015, kule Chitima katika jimbo la Tete, watu 75 walikufa kisha kunywa pombe kwenye matanga. Mara moja ikasemwa: nyongo ya mamba. Wachunguzi walipopima pombe ile, walikuta sumu inayotokana na bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika. Mamba hakuwemo. Kama wangeshika tu maneno ya barabarani, mtu asiye na kosa angelipa, na unga mbaya ungeendelea kuua. Na sisi je, tunaopika pombe ya mahindi na mihogo, ni nani anaangalia unga wake?

Lakini ninyi wawindaji, musinipigie makofi haraka. Ninyi pia munajificha nyuma ya neno mila. Mamba wetu ni wa namna tatu: yule mkubwa anayekamata watu, yule wa mdomo mwembamba anayekula hasa samaki, na yule mfupi wa vijito vya msituni. Huyu mfupi hana vita na mtu, lakini ndiye anafika sokoni mdomo umefungwa kamba, mzima, siku na siku. Mateso hayo ni mila gani? Na yule wa mdomo mwembamba, mwaka wa 2014 alihesabiwa kati ya wanyama walio karibu kabisa kuisha duniani. Sheria ya uwindaji ya 1982 inadai kibali. "Babu yangu aliwinda" si kibali. Babu aliwinda kulisha nyumba yake. Hakujaza mtumbwi mamba wadogo kwa kuuza mjini.

Basi tutenganishe mambo. Mapishi ni mila, tuwafundishe watoto. Kumaliza mamba si mila, ni tamaa. Na kumshitaki mzee bila ushahidi si mila, ni woga. Mtu akifa, apelekwe hospitali apimwe, na unga na pombe iliyobaki viwekwe vipimwe pia. Mamba hawezi kujitetea mbele ya baraza. Mama aliyempika anaweza. Mumwache aseme mbele ya kuokota jiwe.