MAFUNDISHO YA NYUMBANI: Maombi Si Hirizi

 Mwezi huu twanena habari za maombi, kwa kuwa liko kosa letu wenyewe ambalo si vema tulifiche.

Yuko ndugu mmoja kijijini petu aliyefiwa na mtoto kwa homa. Siku nne yeye na mkewe walimwomba Mungu, nasi tukakesha pamoja nao. Dawa ya hospitali walimpa, wala hawakwenda kwa mganga, ijapokuwa wazee wa ukoo waliwahimiza sana. Siku ya tano mtoto akafariki. Baada ya maziko yule baba akatuuliza, "Mwalimu, tumeomba kwa mioyo yetu yote. Maombi yana faida gani?" Nasi tukamjibu upesi, "Labda imani yenu ilikuwa haba." Hakusema neno. Jumapili mbili zikapita, yeye na mkewe hawakuonekana kanisani.

Jibu lile lilituondolea usingizi. Maana mganga naye husema vivyo hivyo: hirizi isipofaa, humwambia mtu kwamba kuku alikuwa mdogo, au fedha hazikutosha. Basi sisi tulio waalimu tulikuwa tumeifanya imani kuwa kama ada, na sala kuwa hirizi, na Mungu kuwa mwuzaji.

Lakini Maandiko hayatufundishi hivyo. Bwana wetu pale Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwondokee, wala hakikumwondokea. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa haba? Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Hata katika nchi zetu hizi mambo kama hayo yamekuwako. Mwaka 1844, huko Mombasa, Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosina, na baada ya siku chache akamzika binti yao mchanga. Walakini hakuiacha kazi. Mwaka 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann wakaanza kufundisha Rabai.

Basi maombi ni nini? Ni mtoto kumwendea Baba yake. Mtoto aliye mwema hamwendei baba wakati wa njaa tu. Humwamkia asubuhi, humshukuru, huungama akiwa amevunja chungu, na jioni hukaa karibu naye hata kama hana haja ya kitu. Na akiomba, huomba bila kuogopa, maana Bwana ametuamuru tuombe hata mkate wa kila siku. Lakini Baba hageuzwi kuwa mtumwa wa mtoto. Tusalipo, si Mungu ajifunzaye haja zetu, kwa maana azijua. Ni sisi tufundishwao kumtumaini, hata siku ile atunyimapo tulilolitaka, wala hatuambiwi sababu.

Tulirudi kwa yule ndugu, tukamwomba radhi mbele ya mkewe. Hakujibu kitu, ila mama wa nyumba alituletea kigoda. Tukaketi kimya hata giza likaingia. Ndipo yule baba mwenyewe akaianza Sala ya Bwana. Alipofika penye mapenzi ya Mungu, sauti ikamkatika. Mkewe akaipokea sala, akaimaliza. Hatukuongeza neno, tukaenda zetu.

Basi, wapendwa, mwezi huu na tushike mambo matatu. Kwanza, kila nyumba isali pamoja jioni, kwa maneno machache, watoto nao wapewe nafasi ya kushukuru kwa vinywa vyao wenyewe. Pili, mgonjwa aombewe, tena apelekwe hospitali upesi. Mambo hayo mawili hayapingani, maana dawa nayo ni kipawa cha Mungu. Tatu, na hili twawaambia waalimu hasa: mkienda penye msiba, msiwapimie wafiwa imani yao. Lieni pamoja nao, teka maji, chanja kuni, kisha ombeni pamoja nao wakiwa tayari.

Mungu wa faraja azilinde nyumba zenu.