Bima ya Mifugo: Ada Ndogo Si Kigezo cha Kutosha cha Kuchagua Mkataba

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan mjini Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, inampatia mfugaji nyenzo ambayo kampuni za bima huihitaji kabla ya kitu kingine chochote: mnyama anayetambulika kwa namba ya hereni na mwenye kumbukumbu ya chanjo. Kabla yake, mwaka 2023, kampuni za bima zilikuwa zimeunda Konsotia ya Bima ya Kilimo Tanzania (TAIC) chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Bima ya mifugo sasa ipo karibu zaidi na mfugaji. Linalobaki ni mkataba upi unamfaa.

Kimsingi mikataba hiyo ni ya aina mbili. Bima ya vifo humlipa mwenye mnyama thamani ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, ajali au sababu nyingine iliyotajwa. Bima ya fahirisi haimtazami mnyama mmoja mmoja. Hupima kwa setilaiti hali ya malisho ya eneo zima, na malisho yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wakata bima wote wa eneo hilo hulipwa. Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2015 kuwalipia ada ya bima ya aina hiyo wafugaji wa Turkana na Wajir. Kwa mfugaji wa Simanjiro aliyepoteza mifugo katika ukame wa mwaka 2021 na 2022, aina hii ina mantiki kuliko kuhesabu mizoga porini. Hata hivyo, ng'ombe wake akifa kwa homa ya mapafu ilhali nyasi zimestawi, hatalipwa chochote.

Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa waliofungiwa bandani anahitaji bima ya vifo, na hapo ndipo ulinganisho wa ada unapoweza kumpotosha. Kwa mfano, ng'ombe ana thamani ya shilingi 2,000,000. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 4, yaani shilingi 80,000 kwa mwaka. Ya pili asilimia 5, yaani shilingi 100,000. Iwapo mkataba wa kwanza unamtaka mfugaji kubeba mwenyewe asilimia 20 ya hasara na wa pili asilimia 10, aliyeokoa shilingi 20,000 kwenye ada atapokea fidia iliyopungua kwa shilingi 200,000. Pengo huongezeka endapo mkataba unalipa bei ya soko ya siku ya kifo badala ya thamani iliyokubaliwa siku ya kukata bima, kwa kuwa ng'ombe mgonjwa au aliyezeeka bei yake huwa imeshuka.

Masharti madogo ndiyo yenye mambo makubwa. Mikataba mingi huwa na kipindi cha kusubiri, ambapo kifo cha ugonjwa katika siku za mwanzo hakifidiwi. Mingi pia haifidii ugonjwa wenye chanjo iwapo mnyama hakuchanjwa, wala mnyama aliyechinjwa bila ushauri wa daktari wa mifugo. Wizi hufidiwa pale tu ulipotajwa. Gharama za matibabu, ambazo ndizo kiini cha bima ya mbwa na paka huko Uingereza, kwa kawaida hazimo.

Mfugaji anayefukia mzoga kabla ya kutoa taarifa hujiondolea ushahidi. Kampuni huhitaji hereni, picha na ripoti ya daktari wa mifugo, na muda wa kutoa taarifa mara nyingi huhesabiwa kwa saa. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, ni busara mfugaji amuulize wakala ni daktari yupi wa wilaya yake anayekubaliwa na kampuni, na nani atamlipa daktari huyo.

Kampuni, wakala au dalali wa bima anapaswa kuwa na leseni ya TIRA, na mfugaji ana haki ya kuiona. Madai yakikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Asiporidhika, anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.