Safari ya Jangwani Huanzia Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Ukweli wa usemi huu huonekana upesi katika barabara za jangwani za nchi ya ugenini. Mgeni huiona lami imenyooka, mbingu safi, wala hakuna motokaa nyingine inayomsumbua, naye hudhani kwamba amepata njia rahisi kuliko zote alizowahi kupita. Mwenyeji huitazama barabara ile ile, akaanza kuhesabu maji.

Mnamo Desemba mwaka 1963, wakati wa Krismasi, familia moja iliyokuwa imehamia Australia kutoka Uingereza ilisafiri katika njia ya Birdsville, inayotoka mji mdogo wa Marree na kukata jangwa kuelekea kaskazini. Walikuwa watu watano: baba, mama na wana wao watatu. Petroli iliwaishia mahali pasipo na nyumba wala kisima. Wakaiacha motokaa yao na kwenda kwa miguu. Motokaa ndiyo iliyoonekana kwanza. Wenyewe walipopatikana, baada ya kutafutwa, walikuwa wamekwisha kufa kwa kiu, wote watano.

Habari hiyo ni ya zamani, lakini bado huko Australia wazazi huwasimulia watoto wao, na askari polisi huwaonya wageni kwa kuikumbusha. Familia ile haikukutana na adui mwenye bunduki. Iliuawa na mambo mawili ambayo kila mwenye motokaa hukutana nayo: tangi lililokauka, na shauri la kuiacha motokaa.

Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati wanaishi Australia siku hizi. Wengine wamekwenda kusoma, wengine kufanya kazi, na wengine walipewa hifadhi huko pamoja na jamaa zao. Atokaye Kenya, Uganda au Tanzania hufurahi kuona kwamba motokaa huko hupita mkono wa kushoto kama kwao. Atokaye Kongo, Rwanda au Burundi, aliyezoea mkono wa kulia, hana budi kujihadhari, hasa anapoondoka kituoni baada ya kupumzika. Katika barabara tupu hakuna wa kumkumbusha upande ulio wake, na mazoea ya zamani humrudia mtu akiwa amechoka.

Nchi yenyewe ni pana mno. Eneo lake ni kama kilomita za mraba milioni 7.7, na sehemu saba katika kumi ni jangwa au nchi kame. Barabara kuu ya Stuart, iliyopewa jina la mpelelezi aliyeivuka nchi hiyo kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1862, hutoka Port Augusta hadi Darwin, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,700. Askari wanaijua historia yake. Darwin iliposhambuliwa kwa mabomu ya ndege za Japani tarehe 19 Februari 1942, ni kwa njia hiyo misafara ya malori ya jeshi ilipeleka watu na vifaa kaskazini kutoka Alice Springs, na sehemu hiyo ilitiwa lami wakati wa vita. Sehemu ya kusini haikukamilika kutiwa lami hadi miaka ya 1980. Katika barabara nyingine kuu, ile ya Eyre inayopita uwanda wa Nullarbor, upo mstari wa kilomita 146 usio na kona hata moja.

Katika nchi kama hiyo usalama wa safari huamuliwa kabla injini haijawashwa. Jambo la kwanza halihitaji fedha. Hakuna mkuu wa kituo anayeipeleka doria bila kuandika saa ya kuondoka, njia itakayofuatwa na saa ya kurejea. Msafiri naye afanye hivyo. Aandike katika karatasi namba ya motokaa yake na rangi yake, majina ya waliomo, barabara atakayoshika, mahali atakapolala, na saa atakayopiga simu. Karatasi hiyo amwachie mtu anayeaminika, na wapatane kabisa: saa ikipita bila habari, polisi waarifiwe. Namba ya simu ya hatari huko ni 000.

Mtu huyo anafaa awe katika nchi ile ile. Mama au mke aliyeko Afrika ya Mashariki anaweza kuwa na nakala, lakini ajue kwamba saa za Alice Springs na Darwin zimetangulia za kwake kwa saa sita na nusu. Anapoketi kula chakula cha mchana, huko giza limekwisha kuingia. Naye msafiri asibadili njia kwa sababu ameambiwa kuna mahali pazuri pa kutazama. Akiibadili bila kusema, wale watakaomtafuta watapoteza siku nzima wakichunguza barabara asiyokuwapo.

Jambo la pili ni maji. Ushauri wa kawaida wa watu wa huko ni lita 5 hadi 10 kwa kila mtu kwa siku moja. Mama wa nyumbani anayepima unga na mafuta ya wiki atafahamu hesabu hii mara moja. Watu watano kwa siku tatu, kwa lita 5 tu, ni lita 75. Kwa lita 10 ni lita 150. Maji hayo yasiwekwe yote katika chombo kimoja, maana chombo kikipasuka hakuna kitakachobaki. Tena yasihesabiwe pamoja na yale yaliyomo katika rejeta ya motokaa. Rejeta za sasa hutiwa dawa ya kuzuia maji yasichemke upesi, na dawa hiyo ni sumu kwa anayeinywa.

Jambo la tatu ni petroli. Vituo vinaweza kuachana kwa kilomita 200 na zaidi, na vingine hufungwa usiku. Kanuni ya mwenyeji ni kujaza tangi katika kila kituo, hata ikiwa limepungua robo tu, na kuuliza kituo kinachofuata kiko wapi na kama kimefunguliwa. Pamoja na petroli, atazame tairi zote na ile ya spea, jeki na spana zake, ukanda wa feni na maji ya betri. Akikusudia kuiacha lami na kushika njia za changarawe, tairi moja ya spea haitoshi, achukue mbili. Mwenye motokaa ya kukodi asome mkataba wake kwanza. Makampuni mengi huko hukataza kupita njia zisizo na lami au kuendesha usiku nje ya mji, na anayevunja sharti hilo hulipa hasara yote mwenyewe.

Simu ya mkononi nayo huwadanganya wengi. Mjini hufanya kazi vizuri, lakini baada ya kilomita chache hugeuka kuwa saa ya kutazamia wakati tu. Kwa hiyo wasafiri wenye busara hukodi simu inayotumia setilaiti, au hununua kifaa kidogo cha kuomba msaada ambacho, kikifunguliwa, hupeleka ishara kwa setilaiti na kuwaonyesha waokoaji mahali mtu alipo. Wenye malori makubwa huzungumza kwa simu ya upepo, na mara nyingi habari za hatari iliyoko mbele hupatikana kwao kwanza.

Safari ikianza, adui wa kwanza ni mwendo. Katika Jimbo la Kaskazini sheria huruhusu hadi kilomita 130 kwa saa katika sehemu fulani za barabara kuu. Australia ya Kusini kikomo ni 110. Ruhusa ya sheria si amri ya kukimbia. Alfajiri, jioni na usiku kangaruu huja kando ya barabara kula majani. Ng'ombe nao hutembea bila uzio katika sehemu nyingi, na hata ngamia wa porini wapo, kizazi cha wale walioletwa katika karne ya 19 kubebea mizigo. Mnyama anaporuka mbele ya motokaa, dereva hutaka kukata usukani kwa ghafula, na hapo ndipo motokaa inapopinduka. Inampasa akanyage breki huku akishika mstari ulionyooka. Iliyo bora zaidi ni kufika mahali pa kulala kabla jua halijatua.

Hatari ya pili ni malori yanayoitwa treni za barabarani, ambayo huvuta matela matatu au zaidi na kufikia urefu wa mita 53.5. Lori la namna hiyo likienda kilomita 90 kwa saa, na dereva akataka kulipita kwa mwendo wa 110, atahitaji sekunde 20 hivi hadi awe mbele yake salama. Kwa muda huo atakuwa amekwenda zaidi ya mita 600. Iwapo motokaa nyingine inamjia kwa mwendo huo huo, nayo itakuwa imekula mita 600 kutoka upande wake. Basi, asiyeiona mbele yake barabara tupu ya kilomita moja na robo na asubiri. Lori likija na kutimua vumbi katika njia ya changarawe, apunguze mwendo, asogee kando na aliache lipite.

Hatari ya tatu ni usingizi. Barabara isiyo na kona humlaza dereva macho yakiwa wazi. Apumzike robo saa kila baada ya saa mbili, ashuke, atembee, anywe maji. Na kama yupo mwenzake mwenye leseni, wabadilishane. Mvua nayo isidharauliwe kwa sababu nchi ni jangwa. Mvua ya siku moja huweza kuijaza mito mikavu na kuifunga njia kwa siku kadhaa. Kibao kikisema barabara imefungwa, imefungwa kwa wote, na anayeingia hutozwa faini, tena huwahatarisha watakaotumwa kumtoa.

Hata hivyo, motokaa iliyotunzwa vema huweza kuharibika. Ndipo lifikapo lile shauri lililoiangamiza familia ya mwaka 1963. Mtu aliyekwama huona aibu kukaa bure. Moyo humwambia kwamba mwanamume hujitafutia msaada, na kwamba nyuma ya kile kilima huenda kuna nyumba. Moyo humdanganya. Katika nchi hiyo, mjini Oodnadatta, joto lilifika nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Mwenda kwa miguu katika joto kali huweza kupoteza lita nzima ya maji mwilini kwa saa moja, naye hawezi kubeba mgongoni maji ya kuirudisha. Rubani aliye juu huiona motokaa kwa kioo chake kinachometameta na rangi yake. Mtu mmoja kati ya vichaka ni vigumu kumwona.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na kila aliyemo garini aifahamu kabla ya kuondoka, hata mtoto: motokaa isiachwe. Boneti ifunuliwe, ili kila apitaye ajue kuna shida. Kitambaa cha rangi kali kitandazwe juu au kando. Turubai lifungwe ubavuni mwa motokaa ili watu wakae kivulini, wasikae ndani ambamo joto huzidi. Kazi yoyote ingoje jioni. Maji yanywewe mtu aonapo kiu, kwa maana wako waliokufa huku maji yao yamebaki chupani. Mchana ndege ikisikika, kioo huwapelekea mng'ao wa jua. Na mafuta machafu ya injini yakichomwa mbali kidogo na motokaa hutoa moshi mweusi uonekanao mbali. Wasaidizi wapo. Huduma ya madaktari warukao kwa ndege, iliyoanzishwa na John Flynn mwaka 1928, imewaokoa watu wengi katika nchi hizo tupu. Lakini ndege huenda pale ilipoambiwa iende, na huwaokoa waliokaa mahali wanapotafutwa.

Mwisho, safari haijaisha mpaka habari ya kufika imetolewa. Wako wanaofika salama, wakaoga, wakala, wakalala, huku nyumbani mtu ameshika karatasi mkononi na usingizi umempaa. Wengine wamewafanya polisi watoke usiku kuwatafuta watu waliokuwa wamelala hotelini. Askari anayerudi kutoka doria huripoti kwanza, ndipo huvua viatu. Msafiri wa jangwani naye apige simu kwanza: tumefika, sote tu wazima. Aliyebaki nyumbani ataikunja ile karatasi na kuiweka mahali pake, tayari kwa safari nyingine.